Bomba la Mvuke Linapotembea: Viatu, Pedi na Rola za Kupunguza Msuguano

Mabomba ya mvuke wa jotoardhi ya Olkaria, jirani na Naivasha, hayanyooki kwa muda mrefu. Yanakwenda umbali fulani, yanakata kona kutoka njiani, yanakata tena, kisha yanarudi kwenye mstari wake na kuendelea na safari. Mgeni hudhani mafundi walikuwa wanakwepa mwamba. Zipo sehemu zilizoinuliwa ili twiga na wanyama wengine wa Hifadhi ya Hell's Gate wapite chini, lakini vitanzi vingi vina kazi nyingine: ndipo bomba linapopata nafasi ya kujinyoosha likipata joto.

Chuma cha kawaida cha mabomba hurefuka kiasi cha milimita 1.2 kwa kila mita, kwa kila nyuzi 100 za joto linaloongezeka. Mvuke wa baa 10, shinikizo la hewa likiwa limehesabiwa ndani yake, una nyuzi 180 za Selsiasi. Bomba lililofungwa likiwa na nyuzi 20, mvuke ukishalijaa, kila mita yake huongezeka milimita 1.9 na ushei. Ukitazama mita moja utasema si kitu. Kwenye mita 48 tayari ni milimita 92, upana wa kiganja na zaidi, na hakuna boriti iwezayo kuuzuia urefu huo bila kitu kupinda.

Kitanzi huchorwa, huhesabiwa na kukaguliwa na watu watatu. Kinachopewa dakika tano za mwisho ni sapoti, yaani vishikilio vinavyolibeba bomba njiani. Na sapoti ziko kila baada ya mita chache, kila moja imebeba uzito wake, na kila moja inalishika bomba kwa msuguano bomba linapotaka kupita.

Magunia kwenye kamba moja

Tuchukue bomba la inchi 8 la unene wa kawaida, skedyuli 40. Chuma chenyewe ni kilo 42.5 kwa mita. Kihami, yaani vazi la kuzuia joto lisitoke, cha sufi ya mawe cha milimita 75, pamoja na bati lake la alumini, huongeza kilo 10 au 11. Tuseme kilo 53 kwa mita. Kiwango cha Marekani cha ASME B31.1 kinapendekeza sapoti za bomba hili zisizidi mita 7.3 likiwa na mvuke, na mita 5.8 likiwa limejaa maji. Mafundi wengi huweka kila mita 6, kwa sababu mabomba nayo huuzwa kwa vipande vya mita 6. Basi kila sapoti, pamoja na kiatu chake (kipande cha chuma kilichofungwa chini ya bomba na kukalia boriti), inabeba karibu kilo 330.

Kutoka kwenye nanga, yaani mahali bomba lilipofungwa lisisogee kabisa, hadi kwenye kitanzi kuna mita 48 na sapoti 8. Jumla ya uzito ni kilo 2,640. Sasa zidisha kwa namba ya msuguano. Chuma juu ya chuma, kikiwa katika hali nzuri, huhesabiwa 0.3: bomba litahitaji kusukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 790 ndipo viatu vyote viteleze. Kutu ikishika na rangi ikichubuka, namba hupanda hadi 0.5 au zaidi, na nguvu inakuwa kilo 1,320. Kwa tefloni, ile plastiki inayoteleza, juu ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu) iliyong'arishwa, tukihesabu 0.1, ni kilo 264.

Nani anayelipa nguvu hiyo? Fikiria mtu anayevuta magunia manane yaliyofungwa kwenye kamba moja. Gunia la mwisho halijui mzigo wa wenzake. Mkono wa anayevuta unaujua wote. Nanga ndiyo mkono. Kila sapoti inaongeza chake, na jumla yote inaishia pale, juu ya nguvu ya kitanzi chenyewe kinachokataa kupindwa.

Hapa kuna hesabu moja inayopotosha watu kila mwaka. Nanga ikiwa katikati, na pande zote mbili zina urefu sawa na vitanzi sawa, karatasi inaonyesha kwamba misuguano inafutana na nanga haibebi kitu. Karatasi hiyo imedhania kwamba bomba lote limepata joto kwa sekunde moja. Mvuke hauji hivyo. Unatoka upande wa kisima au boila, unapasha upande mmoja kwanza, na kwa muda huo nanga inasukumwa na upande wa moto huku wa baridi ukiwa umelala. Nanga ya katikati ihesabiwe kwa msuguano kamili wa upande mmoja. Anayeipunguza ili kuokoa chuma atakuja kuona bolti za msingi wake zimeinama kuelekea upande mvuke unakoenda.

Nguzo nazo zinalipa. Kilo 330 mara 0.3 ni karibu kilo 100 zinazosukuma kichwa cha kila nguzo. Nguzo fupi ya zege haitajali. Nguzo ya chuma ya mita 1.5 iliyogeuzwa upande wake dhaifu, juu ya msingi mdogo kwenye udongo wa majivu ya volkano, itaanza kuyumba. Lakini hesabu ya msuguano isifanywe kwa uzito wa bomba lililojaa maji ya jaribio la shinikizo. Siku ya jaribio bomba ni baridi na halitembei. Uzito wa maji hupima nguvu ya sapoti kubeba. Msuguano hupimwa kwa uzito wa siku ya kazi. Ukichanganya hivi viwili utanunua nanga kubwa bure.

Wapi chuma juu ya chuma kinatosha

Si kila bomba la moto linahitaji tefloni, hata kama muuzaji anasema hivyo. Bomba la inchi 3 linalotoka kwenye boila ya kuni ya kiwanda cha chai, Kericho au Mufindi, lina uzito wa kilo 16 hivi kwa mita pamoja na kihami. Sapoti zikiwa kila mita 4, kila moja inabeba kilo 65, na msuguano wake ni kilo 20. Sapoti tano za namna hiyo hazimtishi mtu. Kiatu cha chuma juu ya boriti, kingo zimelainishwa kwa grainda, kinatosha na kitadumu.

Fedha ya kupunguza msuguano ina maana pale uzito wa kila sapoti ni mkubwa, au sapoti kati ya nanga na kitanzi ni nyingi. Ina maana pia pale bomba linapoingia kwenye mashine isiyopenda kusukumwa. Mdomo wa tabo ya mvuke, yaani mashine inayozungushwa na mvuke, ndio mfano mkubwa, kwa sababu mtengenezaji wake huweka kikomo kidogo sana cha nguvu, na sapoti mbili au tatu za mwisho zinaweza kukila kikomo chote peke yake. Sababu ya nne ni muundo wa zamani: unaongeza bomba jipya juu ya nguzo zilizojengwa kwa mzigo mwingine, na hakuna anayetaka kuzivunja.

Ukiwa na programu ya kuchanganua mabomba kama CAESAR II, iendeshe mara tatu: bila msuguano wowote, kwa 0.1, na kwa 0.3. Kama nanga na mashine vinapona hata kwa 0.3, una uhuru wa kuchagua cha bei nafuu. Kama vinapona kwa 0.1 tu, basi usafi wa pedi hizo umekuwa sehemu ya usalama wa mtambo, na uandikwe kwenye ratiba ya matengenezo. Watu huruka hatua hii ya mwisho. Namba ya msuguano iliyo kwenye katalogi, 0.04 au 0.05, ni ya maabara: uso safi, mzigo mkubwa, mwendo wa taratibu. Nje, baada ya misimu miwili ya mvua, hesabu kwa 0.1 na usishuke hapo.

Tefloni na stenlesi

Jozi hii ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi wakati wa kuifunga. Ina vipande viwili. Cha chini ni pedi ya tefloni iliyogandishwa kwenye bamba la chuma, na bamba hilo linachomelewa juu ya boriti. Cha juu ni bamba la stenlesi lililong'arishwa, unene wa milimita 2 au 3, lililochomelewa chini ya kiatu cha bomba. Kipande cha juu lazima kiwe kikubwa kuliko cha chini, na kiifunike pedi yote katika mwendo wote, baridi na moto. Sababu ni vumbi na mvua: uso unaotazama chini hauokoti uchafu, na uso unaotazama juu usiachwe wazi hata kwa kidole kimoja. Akigeuza mtu, stenlesi ikakaa chini na kubwa, imekuwa sinia la kukusanya mchanga, na kila bomba likirudi mchanga huo unaingia ndani ya tefloni na kukaa humo kama msasa.

Ukubwa wa pedi unashangaza wengi. Akili inasema pedi kubwa ni salama zaidi. Tefloni inasema kinyume: msuguano wake hupungua kadiri inavyobanwa. Kilo zetu 330 zikikalia pedi ya sentimita 15 kwa 15, kila sentimita ya mraba inapata kilo moja na nusu, na pedi itateleza vibaya kuliko ilivyoandikwa. Pedi ya sentimita 5 kwa 5 inapata kilo 13 kwa sentimita ya mraba, na siku ya jaribio la maji haifiki hata 21. Hapo inafanya kazi vizuri. Upande wa juu nao una mpaka. Tefloni tupu ikibanwa sana hutambaa polepole na kutoka pembeni kama unga uliokandamizwa, hata bila joto kali. Ndiyo maana zile za mizigo mizito huchanganywa na nyuzi za kioo, kwa kawaida asilimia 25, na mtengenezaji hutoa kikomo chake kwa kila joto. Kikomo hicho hushuka joto likipanda, kwa hiyo usisome safu ya nyuzi 20 ukafunga kwenye nyuzi 120.

Urefu wa bamba la juu ni hesabu ya kujumlisha: pedi milimita 50, mwendo milimita 92, akiba ya milimita 25 kila upande. Jibu ni 192, kata 200. Hiyo ni kwa sapoti ya mwisho, mita 48 kutoka nanga. Ya kwanza inasogea milimita 11.5 tu, ya pili 23, ya tatu karibu 35. Unaweza kukata zote sawa ili fundi asichanganye, na ni uamuzi mzuri. Gharama ya stenlesi iliyozidi ni ndogo kuliko ya bamba fupi lililofungwa mahali pa refu. Upana nao uangaliwe karibu na kitanzi, kwa sababu pale bomba linasogea pia kwa ubavu.

Joto la tefloni yenyewe lina mwisho wa nyuzi 260. Gundi inayoishika kwenye bamba mara nyingi huachia mapema zaidi, kwa hiyo uliza kikomo cha gundi, si cha tefloni peke yake. Kwa mvuke wa nyuzi 180 hii si shida, maana pedi haikai kwenye bomba. Iko chini ya kiatu, na kiatu cha kimo cha sentimita 15, chini yake kukiwa wazi kwa upepo, hufika chini kikiwa kimepoa sana. Kinachoua pedi ni mwali wa kuchomelea. Fundi anaweka kila kitu mahali pake, anaona kiatu kimekaa vizuri, anachomelea bamba la stenlesi papo hapo huku limekalia tefloni. Pedi inaungua bila mtu kuona, na moshi wake ni sumu ya mapafu, usivutwe. Kila kipande kichomelewe peke yake mezani, au uchague pedi ambayo bamba lake la chuma linatokeza pande zote milimita 25 au zaidi, ili moto ubaki mbali na tefloni.

Bamba la stenlesi lichomelewe mzunguko wote, mstari usiokatika. Wanaopachika nukta nne za kona huokoa dakika kumi, kisha maji hupenya kati ya stenlesi na kiatu, kutu inaota humo ndani, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Bamba linavimba katikati kama chapati juu ya moto. Kuanzia siku hiyo pedi inabeba mzigo kwenye nundu moja.

Halafu kuna karatasi ya plastiki. Stenlesi iliyong'arishwa huja na filamu nyembamba ya kuilinda, na filamu hiyo ibaki hadi mchomeleaji na mpakaji rangi wamalize. Kisha iondolewe. Sapoti nyingi zimewashwa na filamu ikiwa bado ipo, ikayeyuka na kuwa gundi. Nyingine zimepigwa mchanga wa kusafishia chuma na kupakwa rangi ya msingi juu ya uso wa stenlesi unaong'aa kama kioo, kwa sababu mkataba wa rangi ulisema sapoti zote zipakwe. Andika kwenye mchoro, kwa herufi kubwa, kwamba uso huu haupakwi kitu.

Na grisi? Hapana. Kwenye chuma juu ya chuma, grisi husaidia wiki chache. Joto hukausha mafuta, vumbi linaganda kwenye kilichobaki, na unapata rojo la kusagia. Kwenye tefloni grisi haina kazi kabisa isipokuwa kuita vumbi.

Rola, fimbo za kuning'iniza na grafiti

Rola huonekana kama jibu la wazi, na kwenye mstari mrefu ulionyooka hufanya vizuri. Lakini rola haifuti msuguano. Inauhamishia kwenye pini yake. Rola ya nusu kipenyo milimita 40 inayozunguka juu ya pini ya nusu kipenyo milimita 12, msuguano wa pini ukiwa 0.2, inaleta namba ya 0.06 kwa bomba. Vizuri sana. Pini ikishika kutu na rola ikagoma, bomba sasa linaburuta juu ya chuma kilichosimama, kwenye mstari mwembamba wa mguso, na baada ya mwaka rola ina uso bapa upande mmoja na haitazunguka tena hata ukiipaka mafuta ya nchi nzima. Kasoro ya pili ni mwelekeo. Rola huenda mbele na nyuma tu. Karibu na kitanzi, bomba linapokwenda kwa ubavu, rola inageuka kuwa chuma juu ya chuma. Kwa hiyo rola zikae katikati ya mstari mrefu, tefloni ikae karibu na kona.

Bushi za shaba nyeusi ni za kawaida kwenye rola, ila si kwa mahali kama Olkaria. Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, nayo huila shaba na mchanganyiko wowote wenye shaba. Kiwanda cha sukari hakina shida hiyo. Chenyewe kina vumbi la makapi ya miwa linaloingia kila tundu. Huko rola ifunikwe au isinunuliwe.

Kuning'iniza bomba kwa fimbo ndiyo njia yenye msuguano mdogo kuliko zote, kwa kuwa hakuna kinachosuguana. Fimbo inayumba tu. Sharti ni fimbo isiinamishwe zaidi ya nyuzi 4 hivi. Kwa mwendo wa milimita 92, ukiiweka fimbo wima wakati wa baridi inahitaji urefu wa mita 1.3. Ukiilaza nusu upande wa nyuma ili ipite wima na kuishia nusu upande wa mbele, milimita 660 zinatosha. Nje, mara nyingi hakuna boriti juu ya bomba, na hapo hadithi inaishia.

Grafiti ni ya joto lililoishinda tefloni. Mvuke mkavu wa nyuzi 350 na zaidi, wa boila za kuendesha tabo, huweza kufanya kiatu kifupi kiwe cha moto hadi chini. Grafiti juu ya stenlesi huhesabiwa 0.15 hivi, inastahimili joto hilo bila wasiwasi, lakini huvunjika ikigongwa, na ikilowa mvua huku imegusa chuma cha kawaida inaharakisha kutu ya chuma hicho. Kabla ya kuinunua jaribu kurefusha kiatu. Sentimita tano za chuma zaidi mara nyingi ni nafuu kuliko kubadili pedi.

Kiatu ndicho kinachoamua

Pedi nzuri chini ya kiatu kibaya haisaidii. Urefu wa kiatu kwenda juu uwe unene wa kihami na nafasi ya vidole juu yake. Kihami cha milimita 75 kinataka kiatu cha 100 kwa uchache, na 150 ni bora. Bati la alumini likatwe kwa namna ambayo halitagusa boriti bomba likisogea. Bati linalokwama hutatuka, na mvua inaingia ndani ya kihami, ikichemka na kurudi, ikiila bomba kwa nje bila kuonekana.

Urefu wa kiatu kwa upande wa mwendo ndio chanzo cha ajali mbaya zaidi ya sapoti. Kiatu cha milimita 300 kinachokalia boriti nyembamba, kikiwa kimewekwa katikati siku ya baridi, kikisogea 92 bado kiko salama. Mwendo ukiwa 180 kwa sababu mtu alirefusha mstari bila kuongeza kitanzi, kiatu kinapita ukingo na kudondoka. Bomba likiwa moto huenda hakuna atakayejua. Likipoa na kurudi, kisigino cha kiatu kinanasa kwenye boriti, na bomba linaivuta boriti pamoja nalo. Dawa ni kuweka kiatu nyuma kwa nusu ya mwendo: kwa milimita 92, katikati ya kiatu kiwe milimita 46 upande wa nanga bomba likiwa baridi, ili likiwa moto kiwe milimita 46 upande wa pili. Mchoro uonyeshe mshale na namba kwa kila sapoti, kwa kuwa fundi aliyeachiwa mwenyewe ataweka katikati, na hana kosa.

Bomba la mvuke huwekwa na mteremko, kama sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mvuke unakokwenda, ili maji yatiririke hadi kwenye mtego wake, yaani vali inayotoa maji na kuzuia mvuke. Kwenye kiatu cha milimita 300 mteremko huo ni tofauti ya milimita 3 kati ya mbele na nyuma. Boriti ikiwa imelala sawa kabisa na kiatu kimefuata bomba, pedi inaguswa kwenye ukingo mmoja tu. Kinachotakiwa ni nyuso mbili za pedi na stenlesi ziende sambamba. Kama zote zimeinama pamoja au zote ziko sawa si neno. Vipande vyembamba vya chuma chini ya bamba la pedi hurekebisha hilo kwa dakika chache kabla ya kuchomelea.

Kupunguza msuguano kunaliachia bomba uhuru, na uhuru huo unahitaji mipaka. Upepo, tetemeko, au maji yaliyobebwa na mvuke yakigonga kona, vyote vitalisogeza bomba lililolala juu ya tefloni kwa urahisi kuliko lililolala juu ya kutu. Bonde la Ufa ni nchi ya matetemeko. Weka vizuizi vya pembeni kwenye sapoti kadhaa, uwazi wa milimita 2 hadi 3 kila upande. Wanaofunga bila uwazi kabisa, au wanaoacha tabaka tatu za rangi zijaze uwazi huo, wamejenga nanga mahali pasipotakiwa nanga. Mstari wenye kiungo cha mivukuto, kinachojikunja na kujikunjua, badala ya kitanzi unadai ukali zaidi: kizuizi cha kwanza kisizidi umbali wa vipenyo 4 vya bomba kutoka kwenye kiungo, cha pili vipenyo 14 zaidi ya hapo, la sivyo mivukuto itapinda kama nyoka na kupasuka.

Pwani, iwe Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, stenlesi ya daraja la 304 hutoboka vidoti kwa chumvi ya bahari, chukua 316. Kwenye maeneo ya jotoardhi pia chukua 316.

Alama ya chaki

Sapoti zinapimwa kwa njia ya kizamani. Bomba likiwa baridi, kwaruza mstari mmoja unaokatiza ukingo wa kiatu na boriti, mahali pasipo na pedi wala stenlesi iliyong'arishwa. Andika namba ya sapoti. Pasha mstari polepole, mitego ya maji ikiwa wazi, acha saa chache utulie, kisha pita na rula. Kwa mfano wetu sapoti ya tano inapaswa kusoma karibu milimita 58. Ikisoma 40, usifikiri bomba limekataa kurefuka. Limerefuka, boriti ndiyo iliyovutwa nalo kwa milimita 18 zilizobaki. Angalia nguzo kwa timazi na bolti za chini kwa jicho. Bomba likipoa, mistari irudi kukutana. Ikibaki wazi milimita kadhaa na kila safari inaongezeka, msuguano unalisogeza bomba upande mmoja kidogo kidogo, na kuna sapoti fulani katikati ambayo haitelezi tena.

Sikiliza pia. Chuma juu ya chuma huhitaji nguvu kubwa kuanza kuliko kuendelea, hivyo bomba hujikusanya, kisha huruka kwa mlio mmoja mzito. Waendeshaji wengi husema ni maji yanagonga na kwenda kubadilisha mitego isiyo na hatia. Maji yakigonga huleta milio mfululizo na bomba hutikisika. Kiatu kinachoruka hulia mara moja, kinanyamaza dakika kadhaa, kinalia tena wakati wa kupasha au kupoa tu. Tefloni nzima hailii, kwa kuwa nguvu ya kuanza na ya kuendelea karibu ni sawa.

Pedi iliyokufa hubadilishwa bomba likiwa limefungwa mvuke, limepoa, na halina shinikizo. Jeki ya tani 5 kwenye kipande cha mbao ngumu chini ya kiatu, milimita 5 za kuinua, zinatosha. Usiinue kwa kushika bomba lenyewe juu ya kihami. Kata pedi ya zamani kwa grainda, futa stenlesi kwa kitambaa na spiriti, na ukiona mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, badilisha stenlesi pia, maana pedi mpya juu ya stenlesi iliyochanika haitamaliza mwaka.